Roki ya Zambia yafika London, Tunduma bado

Mfanyabiashara wa Tunduma anayevuka kwenda Nakonde kila wiki anajua kwacha imeamkaje, anajua gunia la mahindi ya Zambia limefika bei gani, na anajua ni wakala gani wa forodha asiyelaza karatasi za watu mezani. Akiulizwa kuhusu WITCH, huenda akadhani anaelekezwa kwa mganga. Neno hilo kwa Kiingereza ni mchawi, lakini wenye jina walilifanya kifupisho cha maneno yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Ni bendi ya roki ya Zambia. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mkoa wa migodi ya shaba, ikatawala kumbi, ikafa, ikafufuka, na mwaka 2025 ikatoa albamu mpya inayoitwa Sogolo.

Kwa Kinyanja, sogolo ni mbele, ni wakati ujao. Hii ni albamu ya pili tangu bendi irudi. Ya kwanza, Zango, ilitoka mwaka 2023, miaka 39 baada ya Kuomboka ya mwaka 1984. Zote mbili zimetolewa na Desert Daze Sound, lebo ndogo ya Marekani iliyotokana na tamasha la muziki la California, na bendi imezinadi kwa ziara za Ulaya na Marekani. Mpenzi wa roki wa London hapati taabu kuipata santuri yake; anaingia dukani, au anaagiza na kuletewa mlangoni. Mkazi wa Tunduma, ambaye Zambia kwake ni mwendo wa miguu, hajui hata kama kuna kitu cha kuulizia. Bidhaa ya jirani imezunguka nusu ya dunia na bado haijapata mtu wa kuivusha boda moja.

Wako watakaosema habari hii imepotea njia. Roki ni ya wazungu, watasema, na mtu mwenye lori lililokwama kwenye foleni hana muda wa magitaa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wafanyabiashara wa mpakani wangekuwa na desturi ya kuuza vya kwao tu. Mitumba si ya kwao, betri za sola si za kwao, vitenge vingi vya wax vinavyopangwa sokoni vimeshuka bandarini kutoka mbali. Kinachoulizwa sokoni ni kama kitu kinauzika na kama kina njia ya kufika. Tena roki hii haikuletwa Zambia ndani ya boksi ikiwa imekamilika. Vijana wa miji ya shaba walisikia Rolling Stones, Jimi Hendrix na James Brown, wakachukua gitaa lenye mkwaruzo, wakalichanganya na midundo ya nyumbani na lugha za nyumbani, na kilichotoka kikapewa jina lake chenyewe: Zamrock. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, alipewa jina la utani kutoka kwa Mick Jagger, naye akaligeuza likawa Jagari, lenye mwisho unaokubali ulimi wa Kibantu. Ndivyo walivyoufanyia na muziki wenyewe.

Lakini sehemu inayomhusu mfanyabiashara zaidi ni namna walivyouza.

Mwaka 1972 WITCH ilitoa albamu ya kwanza, Introduction, ambayo huhesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara ya bendi ya Zambia. Hakukuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walirekodi Chingola. Zambia wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo mkanda ulipelekwa Nairobi, na nakala chache zilizorudi bendi iliziuza yenyewe, mkono kwa mkono, kwenye maonyesho yake. Mtaji mdogo, malighafi upande huu, kiwanda nchi nyingine, mzigo kurudi, na muuzaji akiwa ndiye mwenye mali. Yeyote aliyewahi kubeba mpunga kwenda kukobolewa mji mwingine kisha akaurudisha kuuza kwa debe anaijua biashara hiyo vizuri kuliko profesa wa uchumi.

Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa ghala la muziki wa ukanda huu wote. Musi-O-Tunya, kundi jingine la mwanzo kabisa la Zamrock, lilihamia Kenya na kurekodi huko. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa na soko Kenya na santuri zake zilitengenezwa Nairobi, kwa sababu Tanzania nayo haikuwa na kiwanda. Ndugu wa Tanga walioanzisha Simba Wanyika walifanya Nairobi kuwa makao yao. Hakuna mkutano wa mawaziri ulioipanga njia hiyo. Ilipangwa na bei, umbali na mahali mashine ilipokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, Simba Wanyika waliendelea kupiga Nairobi. Hilo ni jambo la kukumbukwa na wale wanaodhani utangamano huanzia kwenye saini.

Kilichoiua Zamrock ni mambo ambayo mtu wa Nakonde mwenye umri mkubwa ataweza kuyasimulia bila kusoma. Shaba ilikuwa inaiingizia Zambia zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Bei yake ilianguka kati ya mwaka 1974 na 1975, wakati huohuo mafuta yakiwa yamepanda. Mpaka na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ndiyo kwanza ilikuwa inakamilika. Fedha za kununulia vifaa zikaadimika. Vita vya jirani vikaleta amri za kutotembea usiku, na bendi zilizozoea kupiga kuanzia jioni hadi alfajiri zikalazimika kupiga mchana. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa Wazambia kwa karibu muda wote. Kiwango kinachotajwa ni asilimia 95. Agizo hilo lilisaidia kweli, maana lilizaa hamu ya muziki wa nyumbani. Kasoro yake ni kwamba lilikomea mpakani. Soko la ndani lilipokauka, hakukuwa na soko la jirani lililoandaliwa.

Kisha ikaja kanda ya kaseti, na hapa wafanyabiashara hawana mikono safi. Santuri haikuweza kunakiliwa sebuleni, lakini kaseti iliweza. Sokoni, kuanzia Lusaka hadi Kariakoo, nakala moja halali ilizaa mia zisizo na baba, na aliyezipanga mezani hakuwa mgeni kutoka mbali. Alikuwa muuzaji mdogo, yuleyule ambaye leo analalamika, na kwa haki, kwamba bidhaa bandia zinamuua. Kaseti ikaondoka, ikaja CD ya kuchomewa, kisha flashi na memori kadi. Hadi leo mwenye kibanda hujaza simu nyimbo mia kwa shilingi mia chache, na mwenye nyimbo hapati hata ya maji. Mwenye kibanda si mtu mbaya. Anauza kile wateja wanachotaka kwa njia pekee aliyofunguliwa. Ila haifai kujificha nyuma ya umaskini na kusema wizi huo hauna mwathirika.

WITCH wanao wathirika kwa majina. Jagari aliondoka kwenye bendi mwishoni mwa miaka ya 1970, akafundisha muziki, na baadaye akaingia porini kuchimba vito ili aishi. Wenzake watano wa kikosi kile cha zamani wote wamekwishafariki. UKIMWI ulikipiga kizazi hicho cha wanamuziki bila huruma. Wakati Jagari akiwa na sururu, wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiuziana nakala za zamani za Zamrock kwa mamia ya dola kila moja. Kwa mfanyabiashara hiyo ni picha ya kukosesha usingizi. Mzigo uliotoka stoo yako kwa bei ya kutupa unauzwa mara kadhaa huko mbele, kila anayeugusa anabaki na faida, na wewe uliyeutengeneza hata habari huna.

Aliyemrudisha ni mgeni. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizitoa upya albamu za WITCH miaka ya mwanzo ya 2010 kwa makubaliano na Jagari mwenyewe. Mtengeneza filamu kutoka Italia akamfuata hadi Zambia, na filamu ikatoka mwaka 2019. Wanamuziki vijana wa Uholanzi na Ujerumani wakajitolea kupiga naye, na ziara zikaanza. Ni rahisi kuwasengenya wageni hao kwamba wamekuja kuvuna tena. Inawezekana baadhi wana hesabu zao. Kila mfanyabiashara anazo. Lakini walifanya jambo moja ambalo jirani hakulifanya kwa miaka 30: walimtafuta mwenye mali, wakaketi naye, wakaandikiana.

WITCH ya leo, kwa haki, si ile ya mwaka 1972. Ni ubia. Jagari amevuka miaka 70. Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyejiunga mwaka 1980, yupo. Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo wanaimba, na sauti zao zimeipa bendi kitu ambacho ile ya wanaume watupu haikuwa nacho. Zango ilirekodiwa Lusaka, katika studio ya dB, na mwimbaji Mzambia Sampa the Great yumo ndani yake. Anayetaka roki ya Zambia jinsi ilivyokuwa vijana wakiwa na miaka 20 na hasira zao, aende kwenye Introduction. Anayetaka kusikia watu waliozika wenzao na bado wanaita albamu yao "mbele", asikilize hizi mbili. Si kila wimbo unaokaa sawa; pengine Wazungu hao wanaheshimu sana sauti ya zamani kiasi cha kuogopa kuisogeza. Lakini ni kazi hai, haikutengenezwa kwa ajili ya makumbusho.

Sasa kuhusu njia. Inadhaniwa kwamba intaneti imeondoa mpaka kwenye muziki, kwamba wimbo hauna tani wala hauhitaji lori. Wimbo kweli unavuka. Fedha ndiyo inayokwama. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na unaofikisha idadi hiyo hulipwa senti ambazo mfanyabiashara asingeziokota barabarani. Bendi inayojitegemea huishi kwa kuuza moja kwa moja. Bandcamp, duka la mtandaoni linalopendwa na bendi za namna hii, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kupakua na asilimia 10 ya vitu vya kushika mkononi kama santuri na fulana. Kwa kulinganisha na madalali wa mazao, hiyo si riba ya kunyonya. Tatizo ni kwamba mnunuzi hulipa kwa kadi ya benki au PayPal. Mama wa Tunduma mwenye milioni za mzunguko kwenye simu yake hawezi kununua wimbo wa jirani yake kwa fedha hizo, ila awe na kadi inayokubalika nje. Duka liko wazi kwa dunia nzima, limefungwa kwa yeye aliye mlango wa pili.

Na pale bidhaa ilipokuwa ya kushika mkononi, serikali zilihakikisha haivuki. Zambia, kwa sheria ya mwaka 2010, ilitaka kila CD iwe na stika ya hologramu kuthibitisha kuwa ni halali. Tanzania, kuanzia mwaka 2013, ikataka CD na DVD ziwe na stempu ya kodi. Kila nchi ilikuwa na sababu nzuri, na sababu ilikuwa ileile, kumkomesha mnakili. Matokeo yake CD halali ya Zambia ikivuka Tunduma inakuwa bidhaa isiyo na stempu, na CD halali ya Mbeya ikifika Nakonde inakuwa na sura ya bandia. Nakala ya flashi, isiyo na stika ya nchi yoyote, ilipita mfukoni ikicheka. Hakuna aliyekaa na kuuliza kwa nini ofisi za hakimiliki za nchi mbili zinazotazamana zisitambue alama moja.

Kwa bendi yenyewe kuvuka, hali haina tofauti kubwa. Ngoma, vikuza sauti na magitaa yanayoingia nchini kwa onyesho la usiku mmoja huhesabiwa kuwa bidhaa za kuingia kwa muda, na forodha hutaka dhamana kwamba zitarudi. Wenye bendi huhitaji vibali vya kufanya kazi. Kwa bendi yenye wakala na wanasheria hayo ni karatasi tu. Kwa bendi inayojitegemea ni faida yote ya safari. Ndiyo maana vikundi vingi hutazama Ulaya kwanza: huko kuna tamasha linalolipa tiketi, linaloshughulikia viza, na linaloweka meza ya kuuzia santuri karibu na mlango. Tunduma imepata kituo cha pamoja cha forodha tangu mwaka 2019, na lori la saruji limeonja nafuu yake. Mwanamuziki bado anapita pale kama mtu aliyebeba kitu kisichokuwa na jina kwenye orodha.

Kuna mkanganyiko wa jumuiya pia. Zambia iko COMESA, ambako wafanyabiashara wadogo wana utaratibu rahisi wa forodha. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Zote mbili ni wanachama wa SADC, lakini Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ambako utaratibu kama ule upo pia. Kwa hiyo boda yenye shughuli nyingi kuliko nyingi za ukanda huu imeangukia katikati ya mifumo miwili ya kumrahisishia mnyonge, na mnyonge wake hafaidi hata mmoja. Vyama vya wafanyabiashara vimelilalamikia hilo kwa ajili ya mchele na sabuni. Vingeliongeza na muziki katika orodha hiyo, vingepata rafiki wenye vipaza sauti.

Hatua ya kwanza lakini haihitaji bunge. Mwenye kibanda cha kujaza nyimbo ana kila kitu ambacho bendi inayojitegemea haina katika mji huu: anawajua wateja, anajua wanapenda nini, anapokea fedha kwa simu, na anaaminika. Bendi ina kitu ambacho yeye hana, mali halali. Kinachokosekana ni mtu wa katikati mwenye daftari, atakayeandikiana na bendi ya Lusaka, Kitwe au Mbeya, achukue nyimbo kwa bei ya jumla, azigawe kwa vibanda kumi, na mwisho wa mwezi arudishe hesabu. Ndiyo kazi ambayo wafanyabiashara wa mpakani huifanya kila siku kwa mafuta ya kupikia. Wateja wengine wataendelea kutaka za bure. Wengine, kama ilivyo kwa dawa na vipuri, watalipa kidogo zaidi kwa kitu ambacho hakitawaharibikia na ambacho wanajua kimetoka kwa nani.

Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kilomita zaidi kidogo ya 100. Mbeya ina kumbi, ina vyuo, ina vijana wanaopiga magitaa. Bendi iliyobeba santuri zake London na Los Angeles ikiletwa huko, gharama kubwa itakuwa dhamana ya vyombo mpakani na mafuta ya basi dogo, na mlangoni itawekwa meza. Mwaka 1972 bendi hii ilikuwa na meza kama hiyo, na fedha zilizopokelewa hapo zilikuwa za wenye nyimbo, zote.